Naombeni ushauri: nagombea bodi ya chama cha wapimaji, usingizi haupatikani

Mpimaji Unguja: Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Kazi yangu ni kuwapima wafanyakazi dawa za kulevya: madereva, mabaharia, watu wa mahotelini. Mwaka wa kumi na moja huu. Nimechukua fomu ya bodi ya chama chetu, kura Jumamosi, na wapigakura wengi wako Pemba ambako simjui mtu. Nende mwenyewe na boti au nipige simu? Silali, jamani.

Karafuu Mbichi: Njoo, sheikh. Mimi niligombea ushirika wetu wa wavuvi kwa kutuma ujumbe wa simu, nikaangushwa vibaya. Mara ya pili nilipita diko kwa diko, nikakaa na watu wanashona nyavu mpaka Isha. Nikapita. Shuka Mkoani, panda gari ya Chake, mengine niachie mie.

Bi Asumini: Mwanangu, nafasi yenyewe posho na chai. Mtu hakosi usingizi kwa hilo. Kuna jengine.

Mpimaji Unguja: Mambo madogo ya kazini tu, Bi. Hayahusiani na kura.

Bi Asumini: Madogo yepi?

Mpimaji Unguja: Haya. Mdhamini wangu kwenye fomu ni mtu mzito chamani, na kijana wake ni dereva wa kampuni ya watalii. Kampuni ilimleta nimpime. Mkojo ulikuwa na joto lake, nyuzi 36, hakuchanganya kitu. Kwenye kijiti cha kupimia, mstari wa mofini haukutokea kabisa, na usipotokea ndiyo chanya. Kesho yake baba mtu akanitilia saini fomu, akasema, "Mtoto ni wetu sote." Hakuongeza neno. Chupa zote mbili za mkojo wake zimo kwenye friji yangu, leo siku ya tisa, sijazipeleka maabara. Nangoja uchaguzi upite tu. Sijabadilisha kitu.

Nesi wa Zamu: Kaka, kijiti ni cha kuchuja, hakihukumu. Kodeini ya dawa ya kikohozi, sehemu yake hugeuka mofini mwilini, na kijiti hakijui kama ni dawa au ni unga wa heroini. Maabara ndiyo inayotenganisha, maana unga una alama yake ambayo kodeini haiachi. Marekani dereva wa abiria akiambiwa majibu mabaya ana saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe kwengine. Huyu wako hata ya kwanza haijapimwa!

Abu Salma: Suratun-Nisaa, aya ya 58: amana zirudi kwa wenyewe. Mkojo wa mtu ni amana. Mdogo wangu alizama kwenye unga, leo kila asubuhi yuko Kidongo Chekundu anakunywa methadoni yake, dawa ya kuachia unga, na ameoa. Aliyemwokoa ni mtu aliyetwambia kweli mapema.

Mpimaji Unguja: Nimekusikieni. Lakini bila ya mzee huyu sipiti. Nikipita nitapigania utaratibu mmoja wa kupima, leo kila mtu na wake. Siku tisa haziui mtu.

Mtu wa Darajani: Samahanini, hii imetungwa. Kampuni ikae siku tisa haijauliza majibu ya dereva wake? Haingii akilini. Tunamalizia bando kwa hadithi.

Karafuu Mbichi: Hata mie nimeanza kushuku. Na nilishamtafutia pa kulala.

Mpimaji Unguja: Wallahi sikutunga. Wameuliza mara mbili. Niliwajibu kwamba chupa ziko maabara. Kijana wamemsimamisha, mshahara hana.

Bi Asumini: Lahaula! Na yeye alikwambia nini siku ile?

Mpimaji Unguja: Kwamba anakohoa wiki nzima na amenunua dawa ya maji famasi. Nimeiandika pembeni mwa fomu ya kipimo, kwa penseli.

Nesi wa Zamu: Lebo za chupa nzima?

Mpimaji Unguja: Nzima. Saini yake imekatiza juu ya kizibo, haijachanika.

Nesi wa Zamu: Basi kesho asubuhi, kwenye barafu, na tarehe ya kweli ya kuchukua mkojo kwenye fomu. Usiandike ya kesho.

Bi Asumini: Na kampuni uipigie wewe mwenyewe, useme zilikuwa wapi.

Mpimaji Unguja: Kisanduku cha barafu nimeazima kwa jirani muuza samaki, nakiosha sasa hivi. Mzee kanipigia simu mara mbili tangu Magharibi. Sijapokea bado.