Draya inaunguza nguo: nibadilishe termostati, koili, au ninunue nyingine?

MamaPili_Columbus
Habari zenu wakuu. Draya yangu (mashine ya kukausha nguo) ya umeme, ya 240V, ina miaka tisa, na siku hizi inapika nguo. Taulo zinatoka hazishikiki, zipu za jinzi zinaunguza vidole. Baada ya siku chache fyuzi ya joto inakatika na mashine inagoma kabisa. Nimeshabadilisha fyuzi mara mbili ndani ya miezi miwili. Nilivyopigia hesabu: seti ya termostati (inayokata joto likizidi) na fyuzi dola 20, koili mpya (waya unaotoa joto) na kasha lake dola 40, fundi anataka dola 110 kwa kufika tu, kabla hajashika bisibisi. Baba watoto anasema tununue nyingine yaishe. Mimi roho inaniuma. Mngekuwa nyie?

Bukavu_Dayton
Dada, nunua ya mtumba. Mimi nilipata ya dola 150, huu mwaka wa pili, haijanisumbua hata siku moja. Mashine ya miaka tisa ukitia spea leo, kesho inakufa kitu kingine. Ukitaka kujaribu kwanza, unganisha zile waya mbili za fyuzi moja kwa moja, uone kama itawaka.

FundiKizingo
Ndugu wa Dayton, kwenye mtumba sikubishii, mfuko ni wako. Ila kupiga dairekti hapana! Mtu anasema anajaribu tu, simu inaita, anasahau, usiku mashine inazunguka bila kinga. Fyuzi ikitiliwa shaka ichomoe uipime kwa mita ya fundi, ukiiweka kwenye mlio. Nzima inalia, iliyokatika iko kimya.

Nipo Mombasa, kazi yangu ni mashine za kufulia za mahoteli. Dada, fyuzi haikatiki mara mbili bure, kuna kitu kinaichemsha. Usitoe hata hizo dola 20 kabla ya kunijibu: hewa inatoka nje kwa nguvu? Na ukiweka kwenye hewa baridi, bado inatoa joto?

MwanaTanga_MN
Naunga mkono, anza na hewa. Idara ya zimamoto ya Marekani ilikadiria moto wa draya majumbani kama 2,900 kwa mwaka kati ya 2008 na 2010, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha.

Chujio lenyewe linadanganya. Langu nilikuwa naliondolea pamba inayotoka kwenye nguo kila mzigo, nikajiona msafi. Siku moja nikalimwagia maji ya bomba, yakatuama juu yake kama kwenye sahani! Zile karatasi za manukato zinazowekwa pamoja na nguo zinaacha utando usioonekana. Nikalisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, maji yakapita. Halafu bomba la nyuma: kama ni lile la karatasi ya kung'aa linalokunjika, tupa, weka la bati gumu la inchi 4. Viungo vifunge kwa utepe wa alumini. Skrubu ncha zake zinaingia ndani na kunasa pamba.

Mzenji_Muscat
Huku nguo unaanika kamba moja, ukifika ya mwisho ya kwanza imeshakauka, kwa hiyo sina la kuchangia 😄 Ila kwa wenye zile zisizo na bomba la nje, zinazokusanya maji kwenye tangi: baadhi zina chujio la pili chini mbele, nyuma ya kifuniko. Wengi hawajui lipo.

MamaPili_Columbus
Nimerudi. Bomba nimelichomoa, nimetoa pamba ya kujaza ndoo, nikaona haya peke yangu. Kifuniko cha nje sasa kinafunguka vizuri. Lakini kwenye hewa baridi bado inatoa joto! Si kali sana, ila ni joto.

FundiKizingo
Basi termostati iache kwanza. Draya za huko zina waya mbili za moto, kila mmoja 120V, na termostati inakata upande mmoja tu. Koili ikikatika au ikilegea ikagusa kasha la bati, umeme wa upande wa pili unapitia kwenye bati kwenda kwenye waya wa ati (wa ardhini). Termostati inakata, koili inaendelea kuwaka nusunusu, mpaka fyuzi inakufa. Huku kwetu ingeangusha swichi ya meni papo hapo. Huko breka ya ampea 30 mara nyingi haishtuki.

Chomoa plagi ukutani, kuzima kwa kitufe hakutoshi. Toa waya za koili, kisha upime: ncha kwa ncha, nzima ya 240V inasoma karibu omu 10. Halafu ncha moja na kasha la bati. Hapo mita isisome chochote. Ikisoma, umempata mwizi.

Ya gesi ingekuwa habari nyingine, ningekwambia lipa hizo 110.

MamaPili_Columbus
Ncha kwa ncha haikusoma kitu. Ncha na kasha: omu 6! Nikafungua, koili imekatika, kipande kimelala juu ya bati na kuacha alama nyeusi kama ya pasi. Nimeagiza koili na kasha lake, na nimeongeza seti ya dola 20 kwa sababu termostati yangu imeshapikwa miezi miwili.

FundiKizingo
Hapo umefanya jambo. Ukiifunga, hakikisha vibati vya waya vimebana. Kikilegea kinaungua chenyewe.

MamaPili_Columbus
Wiki ya pili leo. Jinzi dakika 45, zipu naishika. Jumla dola 60, mbali na bomba jipya la bati. Baba watoto kanyamaza.

Bukavu_Dayton
Hongera dada. Fundi, samahani, hiyo mita ni ya bei gani? Yangu ya 150 imeanza kunuka kama nywele zinaungua.

FundiKizingo
Chomoa plagi kwanza, ndiyo tuongee.