Oili na filta za injini ya dizeli ya mwaka 1994: nichague kwa kufuata nini?

Mrithi_wa_Dizeli aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mjomba wangu ameniachia gari lake la dizeli la mwaka 1994, lenye injini ya lita 2.5 na turbo, pampu ya nozeli ya kimakanika isiyotegemea kompyuta yoyote, na kilomita 312,000 kwenye dashibodi. Kitabu cha gari kilipotea zamani. Kilichobaki ni karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, nayo imefifia kiasi kwamba ninachoweza kusoma ni "15W-40" na herufi "CD" tu.

Nilipokwenda kununua vifaa vya sevisi, muuzaji aliniwekea madumu matatu mezani. La kwanza lilikuwa 5W-30 sintetiki yenye alama ya C3, ambayo aliisifu kuwa ndiyo ya kisasa. La pili lilikuwa 15W-40 iliyoandikwa CI-4/SL. La tatu lilikuwa 20W-50 iliyoandikwa SL peke yake, akaniambia kwamba injini iliyochoka huhitaji oili nzito. Kwa upande wa filta ya oili alinipa mbili zenye upana uleule, ila moja ni fupi kuliko mwenzake kwa sentimita mbili hivi, akasema zote "zinaingia".

Niseme pia kwamba sevisi iliyopita nilifunga hiyo fupi, na tangu hapo kila asubuhi injini hugonga kwa sekunde tatu hivi kabla ya taa ya oili kuzimika. Isitoshe, oili iligeuka nyeusi kabla sijamaliza kilomita 200. Je, niliuziwa oili mbovu? Na filta za dizeli na za hewa nizichague vipi ikiwa sina kitabu?

Fundi_Mstaafu alijibu:

Karibu kijana, na pole kwa kuachiwa gari bila kitabu. Nianze na hofu yako ya mwisho, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Oili ya dizeli kugeuka nyeusi mapema si dalili ya ubovu. Injini yako huzalisha masizi kila inapowaka, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba masizi hayo yakiwa yametawanyika, ili yasigande kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kwenye njia nyembamba. Zaidi ya hapo, unapomwaga oili kuukuu, kiasi fulani hubaki ndani ya injini na kuipaka rangi ile mpya mara moja. Mambo ya kukutia wasiwasi ni mengine: oili inayopanda juu kwenye kijiti cha kupimia badala ya kushuka, kwa maana kwamba dizeli inavujia ndani yake na kuifanya nyepesi; na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwa maana kwamba maji yamo.

Sasa tuje kwenye madumu. Maandishi makubwa ya mbele ya dumu huyaachia watengeneza matangazo. Mimi husoma yale madogo ya nyuma. Herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Hiyo CD ya kwenye karatasi yako ni daraja la zamani sana, lakini madaraja yaliyofuata yalitengenezwa yaweze kushika nafasi yake: CF-4, CG-4, CH-4, na CI-4 iliyoanza mwaka 2002. Kwa hiyo dumu la pili linakufaa bila mjadala mrefu, na ile SL inayofuata baada ya mkwaju ina maana tu kwamba oili hiyo inaruhusiwa pia kwenye petroli. Dumu la tatu lenye SL pekee lirudishe. Halikuundwa kubeba masizi ya dizeli, hata liwe zito kama asali.

Dumu la kwanza linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu si oili mbaya hata kidogo, ila imetengenezwa kwa ajili ya gari jingine. Alama za C za Ulaya, kama hiyo C3, ni za magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo huzibwa na majivu yanayoachwa na viungo vya oili. Ili kupunguza majivu hayo, watengenezaji hupunguza baadhi ya viungo, vikiwemo vile vinavyoua asidi. Gari lako halina chujio hilo, kwa hiyo hunufaiki na majivu machache. Lakini asidi unayo, hasa kama dizeli unayopata ina salfa nyingi, kwa kuwa salfa ikiungua na kukutana na unyevu huzaa asidi inayokula beringi na kuta za silinda. Ukipenda kufuata alama za Ulaya, tafuta A3/B4, ambayo kwa kawaida huwa na akiba kubwa zaidi ya kuua asidi. Utakutana pia na CJ-4 ya mwaka 2006 na CK-4 iliyokuja mwishoni mwa 2016. Zinafanya kazi, lakini zilibuniwa hasa kwa dizeli yenye salfa kidogo, na kwa injini kama yako mimi hubaki na CI-4. Kitu cha kukwepa kabisa ni FA-4, ambayo ni nyepesi kwa makusudi na haikuruhusiwa kwa injini za zamani.

Mzee_wa_Lori alijibu:

Fundi, nakuheshimu, lakini suala la 20W-50 usilifute hivyo. Nimeendesha dizeli yenye kilomita zaidi ya laki nne kwa oili ya 50, na ulaji wa oili ulipungua waziwazi.

Fundi_Mstaafu alijibu:

Mzee mwenzangu, sikulaumu. Mimi nimeikataa SL, sijaikataa 50. Kama kuna 20W-50 yenye daraja la C, injini imelegea ringi, na mahali ni pa joto mwaka mzima, itatumika na ulaji utapungua. Tusisahau tu namba hizo zina maana gani. Ile ya pili hupima mnato oili ikiwa na joto la nyuzi 100, ambapo daraja la 40 huishia penye mnato wa 16.3 cSt na daraja la 50 huanzia hapohapo. Ile iliyo kabla ya W hupima jinsi oili inavyotiririka kukiwa na baridi. Huyu kijana analalamika kwamba oili inachelewa kufika juu asubuhi, tena ana turbo ambayo mhimili wake huzunguka kwa kasi kubwa ajabu ukitegemea utando wa oili tu. Ukimpa oili nzito zaidi, unarefusha zile sekunde tatu. Abaki na 15W-40 mpaka kijiti kimwonyeshe kwamba injini inakula oili kweli.

Binti_wa_Gereji alijibu:

Shikamooni wazee. Kaka Mrithi, nadhani kelele yako ya asubuhi inatokana na filta ile fupi wala si oili. Ndani ya filta nyingi za kuzungusha mna mpira bapa unaofanya kazi ya vali, unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likiwa limezimwa. Filta iliyofungwa mdomo ukiangalia juu hubaki na oili yake yenyewe. Iliyolala ubavu au iliyogeuzwa mdomo chini huutegemea mpira huo, na ukiwa mgumu au haupo, filta humwagika usiku kucha na pampu huanza kuijaza upya kila asubuhi huku injini ikigonga. Chukua kijiti laini, kipitishe kwenye matundu madogo ya pembeni ya filta mpya na usukume taratibu: unatakiwa kuhisi mpira ukikubali kisha ukirudi.

Tena neno "inaingia" ni la hatari. Filta nyingi hutumia meno ya aina mbili zinazokaribiana mno: moja ina upana wa milimita 20, nyingine robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Filta ya milimita 20 ukiizungushia kwenye bomba la robo tatu ya inchi itashika, itakaza kidogo, na utaona kama imekubali. Kumbe imeshikwa na ncha za meno tu, na presha ya oili ikipanda inaweza kuchomoka yote na kumwaga oili barabarani. Ukiizungusha kwa vidole na kuhisi inacheza upande huu na huu kabla ya sili kugusa, iache. Usichague filta kwa kuilinganisha kwa macho; tafuta namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, kisha uioanishe na namba ya filta katika orodha ya mtengenezaji.

Filta ya dizeli ndiyo ningeitilia mkazo kuliko zote. Pampu nyingi za kuzunguka za miaka hiyo hazina oili yao wenyewe. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo tone la maji au mchanga laini huweza kukugharimu pampu nzima. Nunua filta yenye kikombe cha kutenga maji na skrubu ya kuyamwaga chini, kama ya awali ilikuwa nayo. Jambo moja nililijifunza kwa kuaibika: nilibadilisha filta, nikatumia tena sili ya zamani kwa kuwa ilionekana nzima, na gari likaanza kuwaka kwa shida kila asubuhi. Nilitafuta mvujo siku mbili nzima bila kuona hata unyevu. Katika magari mengi ya aina hii dizeli huvutwa kutoka tangini wala haisukumwi, kwa hiyo sili mbovu haitoi dizeli nje, huingiza hewa ndani. Nilikuja kuliona kosa nilipofunga kipande cha mpira unaoonyesha kabla ya pampu na kuona mapovu yakipita moja baada ya jingine.

Ukijaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga, mimina kupitia matundu ya pembeni tu. Tundu la katikati kwa kawaida ni la upande safi, na chochote utakachomimina hapo kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu bila kuchujwa. Baada ya hapo toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, usiitese starta.

Mrithi_wa_Dizeli aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Kwanza nilipima filta ndefu kwa vidole, na ilipanda laini bila kucheza mpaka sili ikagusa. Nikaipaka sili oili kidogo na kuongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Kabla ya hapo nilihakikisha sili ya filta ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, na kwa kweli ilikuwa imebaki nusu yake. Kisha niliikata ile fupi kwa msumeno. Mpira wa ndani ulikuwepo, ila ulikuwa mgumu kama kifuniko cha chupa na umejikunja upande mmoja. Oili ni 15W-40 CI-4. Leo ni asubuhi ya nne, na taa inazimika karibu papo hapo bila mgongano wowote.

Limebaki swali la filta ya hewa. Ya karatasi iliyopo imejaa vumbi. Je, naweza kuipuliza kwa kompresa na kuendelea nayo? Na hii oili niibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Fundi_Mstaafu alijibu:

Ile sili iliyobaki nusu ingekumwagia oili yote ndani ya dakika chache, kwa hiyo umefanya vyema kuangalia.

Filta ya hewa usiipulize kwa kompresa yenye nguvu. Upepo mkali hutoboa karatasi matundu usiyoweza kuyaona, na baada ya hapo vumbi linapita kana kwamba hakuna filta. Kwa dharura, ipulize polepole kutoka ndani kwenda nje, kisha ingiza tochi ndani ukiwa gizani. Ukiona nukta kali za mwanga, itupe. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni kidole. Fungua mpira mkubwa unaotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo na upitishe kidole ndani yake. Oili kidogo si tatizo, mara nyingi hutoka kwenye bomba la kupumulia la injini. Ukikuta vumbi laini, basi hewa inapita pembeni mwa filta, labda kwa sababu mpira wa ukingoni haukukaa sawa au klipu moja imelegea, na vumbi hilo ndilo linalomaliza ringi na silinda kuliko oili yoyote uliyoogopa.

Kuhusu kilomita, kwa injini ya umri huo, yenye turbo na historia usiyoijua, mimi ningebadilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000. Fedha ambayo ungeitoa kwa sintetiki ya bei ya juu itakutosha kufupisha muda huo. Filta ya dizeli ibadilishe kila sevisi ya pili, na maji kwenye kikombe yamwage kila mwezi. Usijaze oili kupita alama ya juu ya kijiti. Ziada hiyo inaweza kupenya kwenye bomba la kupumulia ikafika kwenye hewa ya kuingia, na injini ya dizeli ikianza kuunguza oili yake yenyewe, kuzima swichi hakuizimi. Na hiyo filta ndefu utakapoivua baada ya kilomita 5,000 za kwanza, ikate vilevile, tandaza karatasi yake juu ya gazeti na upitishe sumaku kutafuta chembe za chuma, kisha utuletee picha.