Prado 120: nibaki na bampa la plastiki au niweke la chuma?

Mganga wa Mifugo, Iringa:

Habari za leo, wakuu. Ninatumia Toyota Land Cruiser Prado 120 ya dizeli, na kazi yangu ya kutibu mifugo hunipeleka mara kwa mara Pawaga, Idodi na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha. Masika njia hizo huwa na tope linaloshika matairi, na kiangazi kuna makorongo yenye kingo kali, ambamo gari hushuka likitanguliza pua. Bampa la mbele, la plastiki kama lilivyotoka kiwandani, limepasuka kona ya chini upande wa kushoto, klipu zake zimekatika, na kwa sasa limeshonwa kwa waya mwembamba. Gari hilihili ndilo linalobeba familia yangu kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo Mikumi nayo imo kwenye hesabu.

Fundi mmoja wa kuchomelea yuko tayari kunitengenezea bampa la bati la chuma la milimita 5 lenye mahali pa kufungia winchi, yaani mashine ya kujivutia kwa kamba gari linapokwama. Jamaa zangu wananiambia nitafute plastiki nyingine iliyotumika, nifunge, niendelee na safari. Ninaomba ushauri wa waliotumia vyote viwili, hasa kuhusu uzito, usalama na msaada wake gari linapokwama.

Fundi wa Njiro:

Ndugu mleta mada, ninafanya kazi katika karakana inayohudumia magari ya kubeba watalii hapa Arusha, na mabampa ya aina zote mbili hupita mikononi mwangu. Kwanza tuelewane kwamba hiyo plastiki unayoiona ni ganda tu. Nyuma yake kuna mhimili uliofungwa kwenye ncha za chasisi, na huo ndio unaopokea kishindo gari linapogonga kitu. Ganda likipasuka kona, kinga ya gari huwa bado ipo; fungua ukague kama mhimili umepinda au bolti zimelegea, kwa sababu hilo ndilo jambo la kukutia wasiwasi.

Sasa tuje kwenye chuma. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 5 ina uzito wa karibu kilo 39, ilhali la milimita 3 halifiki kilo 24. Bampa zima la bati nene, likiwa na mabawa ya kukinga taa na sahani ya winchi, linaweza kupita kilo 70 bila shida, na winchi yenyewe ni kama kilo 30. Tuseme zote ni kilo 100, na zimekaa sentimita 80 mbele ya ekseli. Kwenye Prado yako, ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,790, ekseli ya mbele itaongezewa karibu kilo 129, kwa sababu uzito uliotangulia mbele ya magurudumu hunyanyua kilo 29 nyingine kutoka nyuma. Springi za kiwandani hazikupangiwa mzigo huo. Zitalala, boljointi zitaisha mapema, na pua itashuka, yaani ile nafasi uliyoitafuta kwa ajili ya makorongo itakuwa imeliwa na uzito uleule. Anayeweka chuma bila kubadilisha springi na shokapu za mbele amefanya nusu ya kazi.

Faida zake hata hivyo ni za kweli. Bampa la chuma lililokatwa vizuri kwenye kona huyapa matairi nafasi ya kugusa ukingo wa korongo kabla ya bampa lenyewe, jeki ya Tanganyika hupata mahali imara pa kunyanyulia, na ukitembea peke yako mbali na gari jingine, winchi inaweza kukutoa mahali ambapo sururu na mbao zimeshindwa. Ukiamua kutengenezesha, mwambie fundi atumie milimita 3 kwa mwili wa bampa na aweke unene kwenye sahani za chasisi na za winchi peke yake. Afunge kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi, asichomelee kitu chochote kwenye chasisi, aache nafasi pana ya upepo mbele ya rejeta, na atoboe matundu ya kutolea maji chini, maana kutu huanzia pale tope linapolala.

Muuguzi wa Moro:

Ninawasalimu wote. Mimi si fundi. Ninahudumia majeruhi wa barabarani, na ninaomba mtu wa nje ya gari naye ahesabiwe. Ukingo mgumu wa chuma unampata mtu mzima kwenye paja au nyonga, na mtoto unampata kifuani. Ganda la plastiki hubonyea, na kubonyea huko kunapunguza nguvu inayofika kwenye mfupa. Umoja wa Ulaya ulitoa Agizo la 2005/66/EC lililotaka ngao za mbele, yaani vyuma vya kukinga pua ya gari, zipimwe kwa ajili ya usalama wa waenda kwa miguu, na India ilitangaza mwishoni mwa 2017 kwamba ngao za chuma haziruhusiwi, ikitaja hatari kwa waenda kwa miguu na kwa waliomo garini pia. Kwetu, ambako watoto wa shule hutembea pembezoni mwa lami na bodaboda hujipenyeza kila upande, sioni kwa nini jambo hilo lipewe uzito mdogo zaidi.

Waliomo ndani nao wana lao. Mifuko ya hewa ya Prado hufunguka kwa kutegemea jinsi sehemu ya mbele inavyopunguza mwendo wakati wa ajali, na kampuni kubwa zinazotengeneza ngao za chuma, kama ARB ya Australia, hutumia vishikio vilivyobuniwa kukunjika ili mpangilio huo usivurugike. Bati lililokazwa moja kwa moja kwenye chasisi halina hesabu hiyo.

Kuhusu Mikumi, twiga akigongwa miguu, mwili wake huanguka juu ya boneti na kioo, na hapo bampa la aina yoyote limekwisha kupitwa. Kinachookoa ni mwendo. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50, nishati ya kishindo hupungua kwa zaidi ya asilimia 60. Barabara ndani ya hifadhi ni kama kilomita 50. Ukiipita yote kwa mwendo huo, utachelewa dakika zisizofika 25.

Dereva wa Usangu:

Mkuu, hayo yote ni sahihi, ila kwenye tope swali la kwanza ni hili: utavutwa kwa wapi? Magari mengi yanayoingia nchini yana vitanzi vyembamba chini, vya kufungia gari melini, na watu huvidhania kuwa ndoano za kuvutia. Vikikatika wakati wa kuvuta, huruka na kuua. Funga ndoano mbili za kweli kwenye chasisi, na usiruhusu mtu akuvute kwa lile tufe la chuma la kuvutia tela. Ganda la plastiki halizuii hayo. Kona zake za chini unaweza pia kuzikata kwa msumeno na kuzisugua vizuri, kisha ukaweka sahani ya chuma ya kukinga chini ya injini, na tatizo lako la makorongo litakuwa limepungua sana.

Mganga wa Mifugo, Iringa:

Ninawashukuru sana. Ninaelekea kubaki na plastiki iliyokatwa kona, ndoano mbili na sahani ya chini. Lakini Pawaga mara nyingi ninakuwa peke yangu, na winchi bado ninaihitaji. Je, inaweza kufichwa nyuma ya ganda bila kuondoa ule mhimili?

Fundi wa Njiro:

Inawezekana, ndugu yangu. Zipo sahani za winchi za Prado zinazokaa nyuma ya ganda, na zinaokoa kilo nyingi ukilinganisha na bampa zima. Nyingine hufungwa chini ya mhimili, na nyingine hudai mhimili utolewe; chukua ile inayouacha mahali pake. Tumia kamba ya sintetiki badala ya waya, kwa kuwa ni nyepesi na haina nguvu kubwa ya kurudi nyuma ikikatika, lakini ifunike, kwa sababu jua na mchanga huila. Bado springi za mbele zipimwe: pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na ukiona pua imeshuka, badilisha. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, rudi ukaze bolti zote za sahani na za ndoano.