Majibu ya kipimo cha kinyama siku ya 17 leo, hawa watu wa maabara wanafanya nini?

Ngosha_Mpole:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu mzazi, miaka 58, ana uvimbe titi la kushoto. Hospitali ya wilaya wakamkata kinyama cha kupima, wakanikabidhi chupa na fomu nipeleke hospitali kubwa mjini. Nikapanda Coaster, chupa nimeipakata kama yai, jirani yangu ana ndoo ya dagaa. Leo siku ya 17. Nikipiga simu naambiwa "bado, jaribu wiki ijayo". Kipimo cha malaria nasubiri kwenye benchi, nusu saa cheti kinatoka. Hiki kinyama kama punje ya harage siku zote hizo kinafanywa nini? Mama haumwi sana ila usingizi hana, na mimi sina.

Kibuyu:
Zunguka mbuyu mkuu, kesho asubuhi majibu unayo.

Bi_Slaidi:
Kibuyu, hongo yako ya elfu kumi haigandishi nta.

Ngosha, pole na mama. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kitengo cha histolojia, yaani kupima nyama za mwili, mwaka wa 13 huu nakata vinyama vya watu. Damu ni rahisi, unadondosha tone kwenye kioo unatazama. Nyama lazima ukate ukanda wa mikroni 3 au 4 ili mwanga upite, yaani kama nusu ya upana wa chembe nyekundu moja ya damu. Chukua ini la mbuzi ulikate hivyo uone. Linaburuzika tu.

Kwa hiyo kwanza nyama inalala kwenye formalini isioze. Ya titi tunataka ilale si chini ya saa 6, isizidi 72. Halafu inakaushwa maji kwa spiriti, kuanzia hafifu hadi kali kabisa, inapita kwenye zailini, inaingia nta ya moto. Mashine inafanya hayo usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane za usiku na jenereta ikagoma, asubuhi unakuta nyama za watu ishirini zimekwama katikati, na hapo ndipo utamjua aliyesoma na aliyesomeshwa.

Baada ya hapo naigandisha kwenye kipande cha nta, naiweka juu ya barafu, naifunga kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia. Nazungusha gurudumu kwa mkono, utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu unatoka kwenye wembe. Hapo sipumui. Ukipumua unapeperuka, ukikohoa umeupoteza. Nauinua kwa brashi, nautandaza juu ya maji ya uvuguvugu mikunjo iishe, nauchota na kioo. Kisha rangi mbili: hematoksilini, ambayo asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, inatia kiini cha seli bluu, na eosini inatia kilichobaki waridi. Sijawahi kuichoka ile picha.

Yote hiyo ni siku mbili tatu. Zinazobaki sikudanganyi, ni foleni. Slaidi, yaani hivyo vioo, zinasomwa na daktari wa patholojia, na hao nchini ni wa kuhesabu. Kwa titi anaweza kuomba rangi za ziada za homoni, za kuonyesha kama seli za uvimbe zinapokea homoni, akiona kuna haja.

Sasa nami nikuulize. Ile chupa ilikuwa na mdomo mpana? Ndani kulikuwa na maji yanayochoma pua? Nauliza kwa sababu niliwahi kuletewa nyama kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Iliingia ikiwa laini, formalini ikaikaza, kutoka haitoki. Tulivunja chupa kwa nyundo, na vigae viling'oa meno ya wembe wangu. Hiyo afadhali. Nyingine ililetwa kwenye maji ya dripu, siku nne njiani. Nilipofungua kifuniko nilijua kwa harufu. Yule mama alikatwa upya, na aliyempigia simu ni mimi.

Sista_Zamu:
Da Slaidi usitulaumu sana wa wilayani. Kuna siku formalini hakuna stoo na daktari keshakata. Unafanyaje?

Bi_Slaidi:
Sista, mnapiga simu KABLA ya kukata. Uvimbe wa miezi sita unaweza kungoja Alhamisi.

Ngosha_Mpole:
Harufu ilikuwepo da Slaidi, tena yule wa dagaa alinilalamikia mimi kwamba nanuka! Mdomo mpana. Ila fomu niliipiga picha, naiangalia sasa hivi: sehemu ya simu ya mgonjwa ni tupu.

Bi_Slaidi:
Basi usipige simu tena, nenda mwenyewe na namba ya maabara. Na usiulize "majibu yapo?", mtu wa dirishani atakujibu bado hata bila kutazama. Uliza block, kile kipande cha nta chenye nyama, imefika wapi: imekatwa, iko mezani kwa daktari, au inasubiri kitu. Na mama akihamishiwa hospitali nyingine omba block zake, zinatunzwa miaka, ataepuka kukatwa tena.

Ngosha_Mpole:
Nimetoka huko sasa hivi, niko stendi. Slaidi ya kwanza daktari aliisoma wiki iliyopita. Aliomba zile rangi za homoni, zinalipiwa, na hakuna aliyejua ampigie nani. Nimelipa, wamesema Ijumaa. Kwenye korido mlango ulikuwa wazi, nikamwona dada mmoja ameinamia gurudumu, amebana pumzi kama ulivyosema. Nikasimama mpaka alipoinua brashi.

Da Slaidi, nimeelewa ulivyosema "akiona kuna haja". Mama amepiga mara mbili, sijapokea.

Bi_Slaidi:
Mpokelee. Mwambie Ijumaa. Mimi nipo PM.