Sarkoidosisi ya ubongo: MRI iombwe vipi?

Tabibu_Ujiji: Wadau, mgonjwa hapa Kigoma, kilo 60, nashuku sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe mwilini), uso umepooza pande zote mbili, macho yanafifia. CT bila dawa ya kung'arisha picha ni safi. Anapewa rufaa ya MRI. Fomu iandikwe nini?

Picha_Tabora: CT safi isikutulize, daktari, utando wa ubongo ulioathirika hauonekani humo. Andika: MRI ya ubongo na matundu ya macho, kabla na baada ya gadolinia (dawa ya kung'arisha picha). Kipimo ni 0.1 mmol kwa kilo, yaani mililita 12 za dawa ya 0.5 mmol/ml. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kabla hajapanda basi. Baada ya dawa watake T1 (aina ya picha ya MRI) ya vipande vya milimita 1, na mng'ao wa mafuta uzimwe kwenye matundu ya macho, la sivyo mng'ao wa neva ya jicho utamezwa na mafuta. Watazame utando wa chini ya ubongo, haipothalamasi na shina la pituitari (sehemu za ubongo zinazoongoza homoni), na neva ya 7 (ya uso). Miguu ikiwa dhaifu, ongeza uti wa mgongo.

Mama_Neva: Na tafadhali, steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) zisitangulie picha kama hali inaruhusu. Zinafifisha mng'ao, msomaji ataandika "kawaida".

Tabibu_Ujiji: MRI ikionyesha mng'ao, tuseme tu ni sarkoidosisi?

Picha_Tabora: Hapana! TB hung'aa palepale. Ute wa mgongo upimwe kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB), ingawa jibu hasi haliifuti TB. Kisha CT ya kifua: tezi za limfu zilizovimba pande zote mbili ndizo rahisi kukatwa kipande cha kupima.