MREJESHO: Niliyeomba ushauri wa kuacha sigara, leo siku ya 41

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza hapa namna ya kuacha fegi baada ya miaka 14, pakiti moja kwa siku. Wengi mlisema niache ghafla, mmoja akanionya kuhusu kahawa. Nimekuja na majibu.

Siku tatu za kwanza niliona cha moto. Arosto (ile hali ya mwili kudai sigara) ilipanda hasa siku ya pili na ya tatu: kichwa kinagonga, usingizi hakuna, nikamfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi tu. (Nimeshamwomba radhi.) Choo nacho kiligoma wiki nzima, hili hakuna aliyeniambia!

Aliyetaja kahawa, mkuu, heshima yako. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kijiweni, moyo unaenda mbio, nikadhani ni arosto. Kumbe moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nimepunguza hadi viwili, mikono imetulia.

Hamu ikija naangalia saa. Mara nyingi haifiki dakika tano, natafuna karafuu au tangawizi, hamu inapita.

Nilianguka mara moja, siku ya 19, msibani. Nilivuta nusu, nikaizima. Sikuanza kuhesabu upya, mnaotaka kunibishia bisheni.

Kikohozi bado kipo asubuhi. Uzito umeongezeka kilo tatu, suruali zinanibana.