Mjadala: "Wanyama watazoea" si hoja ya kuchimba magadi Ziwa Natron

Wadau, kila habari ya kujenga kiwanda cha magadi Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ikiibuka, kuna hoja hairukwi: viumbe wa pale wamezoea shida, mazingira yakibadilika watazoea tena. Naipinga hoja hiyo. Nitasema kwa nini, kisha uwanja ni wenu.

Tuanze na perege wadogo wa Natron na wa Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Wanaishi kwenye maji makali ya magadi, yenye pH (kipimo cha ukali wa maji) karibu 10, na kwenye chemchemi za Magadi joto hupita nyuzi 40. Samaki wengi hutoa taka ya naitrojeni kama amonia, ikipitia mashavuni. Kwenye maji makali namna hiyo amonia haitoki vizuri, inarundikana mwilini na kuua. Perege wa Magadi yeye hutoa taka hiyo kama urea, ile ile iliyomo kwenye mkojo wetu. Watafiti waliliripoti hilo mwaka 1989, akiwemo Mkenya Geoffrey Maloiy. Hata misuli yake inatengeneza urea, kazi ambayo samaki wengi wakishakua hawaifanyi kabisa.

Uwezo huo aliupataje? Si kwa kujizoeza. Miaka kama 10,000 iliyopita Magadi na Natron zilikuwa ziwa moja kubwa, lenye maji laini kuliko ya leo. Lilivyokauka na magadi kuzidi, wale waliozaliwa na vinasaba vya kuhimili walizaa, wengine walikufa bila uzao. Kizazi baada ya kizazi, maelfu ya vizazi. Huo uhimilivu umelipiwa kwa vifo vingi mno, na ulihitaji muda. Kiwanda kinajengwa kwa miaka miwili mitatu.

Sasa njooni kwa heroe mdogo (ndege aitwaye pia flamingo), maana hapa ndipo hoja inapovunjika kabisa. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron. Ana tezi za kutoa chumvi kichwani na ngozi ya miguu isiyoungua kirahisi. Lakini jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na ndege huyu huishi miongo. Vizazi vyake vinakwenda polepole sana. Mbio za mashine hataziweza.

Najua jibu linalokuja: mbona Ziwa Magadi wamechimba kwa zaidi ya miaka mia moja na perege bado wapo? Hoja nzito, na naiheshimu. Ila perege wale wamebanwa kwenye madimbwi ya chemchemi pembezoni, na heroe hawana kawaida ya kuzalia pale. Mwaka 1962 Natron ilipofurika, zaidi ya jozi milioni moja zilihamia Magadi kutaga. Magadi yakagandia miguuni mwa vifaranga kama pingu, wengi mno wakafa, na watu wakalazimika kuingia ziwani kuwavunjia pingu hizo. Ndege yule yule, maziwa jirani, magadi yale yale! Tofauti ndogo ya maji tu ilitosha kuwaua.

Sisemi vijana wa Longido na Ngorongoro wasipate ajira. Mpango wa zamani wa kiwanda cha Natron ulikuwa tani 500,000 za magadi kwa mwaka, si mchezo. Tata Chemicals, kampuni ya India iliyokuwa mbia wa mpango huo, walipojitoa mwaka 2008, NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) ikageukia magadi ya Engaruka, wilayani Monduli. Mimi naunga mkono huko, kwa sharti kwamba maji ya wafugaji na wakulima wa Engaruka yapimwe kwanza na wenyewe waoneshwe hesabu.

Kwa mnaotetea Natron, naomba mjibu mawili. Maji baridi ya kuendeshea kiwanda yatatoka mto gani, wakati mito inayoingia ziwani ndiyo inayoshikilia kina ambacho heroe anahitaji ili atage? Na msimu mmoja wa kuzaa ukiharibika, kisha wa pili, heroe mnawapeleka wapi?